Namna ya Kulipima Vazi: Je, Kazi ya Wabunifu Wakubwa wa Mavazi ni Sanaa?

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya binti yake, mama mmoja alisimama katika atelie yangu ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, akaligeuza gauni nje ndani, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Fundi, hii ni nguo ao ni tablo?" Hakuwa akinisifu. Alitaka kujua analipia nini, kwa sababu nguo huvaliwa na kuchakaa, ilhali tablo hutundikwa ukutani ikabaki. Swali lake ndilo ambalo majumba ya makumbusho ya Paris, London na New York yamelizunguka kwa miongo mingi: je, kazi ya wabunifu wakubwa wa mavazi ihesabiwe kuwa sanaa, au ni ushonaji wa bei ghali tu? Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mshonaji, mwanafunzi wa mshono au mpenzi yeyote wa mavazi anayetaka kulijibu mwenyewe, vazi kwa vazi, kwa macho na vidole vyake. Utahitaji simu yenye intaneti, karatasi na kalamu, mita mbili za amerikani, pini, mkasi, na nguo moja ya zamani ambayo uko tayari kuifumua.

Nitasema mapema ninaposimama. Naamini kwamba vazi huwa sanaa pale wazo lake linapokaa ndani ya mkato na mshono wenyewe, kiasi kwamba huwezi kuliondoa wazo hilo bila kulivunja vazi. Wazo lililobandikwa juu laweza kupendeza sana, lakini likibanduka, kilichobaki ni nguo kama nguo nyingine. Hatua zote zinazofuata ni njia za kulipima jambo hilo.

Yatenge maneno kwanza

Watu wengi hukwama katika mjadala huu kwa sababu huyachanganya maneno. Haute couture, yaani “ushonaji wa juu” kwa Kifaransa, si sifa ya uzuri, bali ni jina linalolindwa na sheria ya Ufaransa tangu mwaka 1945, na hakuna nyumba ya mitindo inayoruhusiwa kujiita hivyo bila kukubaliwa. Nyumba hiyo hutakiwa kushona kwa kipimo cha mteja binafsi na kumjaribisha, kuwa na atelie Paris yenye wafanyakazi wa kudumu, na kuonyesha mavazi mapya mara mbili kwa mwaka, mwezi Januari na mwezi Julai. Masharti hayo yote yanahusu namna kazi inavyofanyika. Hakuna hata moja linaloulizia wazo. Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba gauni fulani ni sanaa kwa kuwa ni haute couture, mjibu kwa upole kwamba ametaja cheti tu, na vazi lenyewe bado halijaangaliwa.

Anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa mfumo huo ni Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua nyumba yake Paris mwaka 1858. Kabla yake, bibi tajiri alimweleza mshonaji anachotaka, na mshonaji akatii. Worth alianza kubuni yeye, akawavisha wanawake walio hai ili wateja waone nguo ikitembea, na akashona ndani ya gauni lebo yenye jina lake, kama vile mchoraji anavyotia saini kwenye kona ya picha. Mjadala tulio nao leo ulianzia kwenye kipande kile kidogo cha utepe, kwa sababu tangu siku hiyo mshonaji alidai kutambuliwa kama mtu mwenye kauli yake.

Neno la pili ni sanaa lenyewe. Sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tumezoea kumweka artisti upande mmoja na artizani upande mwingine, na kumwona wa pili kuwa mdogo wake wa kwanza. Lakini neno sanaa, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, asili yake ni kutengeneza kitu kwa ustadi. Mkono umo ndani ya neno tangu mwanzo. Anayeuliza kwa Kiswahili kama mshono ni sanaa haulizi basi kama fundi amepandishwa cheo. Anauliza kama ustadi wa fundi umefika mahali pa kusema kitu.

La tatu ni neno la mji wetu. Katika miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi, na miongoni mwao Tshibumba Kanda Matulu, waliuza picha za historia na za maisha ambazo familia zilizitundika sebuleni, na picha hizo ziliitwa ukumbusho. Picha nzuri ilikuwa ile inayomfanya mwenye nyumba amsimulie mgeni habari fulani. Nimelichukua neno hilo kuwa kipimo changu cha pili baada ya mkato: je, vazi hili linamfanya mtu akumbuke na kusimulia, au linamfanya aulize bei tu?

Chagua vazi moja, ukae nalo

Usianze kwa kutazama maonyesho ishirini ya mitindo kwenye simu. Taa, muziki na mwendo wa wanamitindo huficha mshono, na vifurushi vya intaneti ni ghali. Chagua vazi moja katika mkusanyo wa mtandaoni wa jumba la makumbusho, kama vile Metropolitan la New York, Victoria and Albert la London, Palais Galliera la Paris, au Kyoto Costume Institute la Japani, ambako mavazi hupigwa picha yakiwa yamesimama, mara nyingi mbele na nyuma. Hifadhi picha hizo, kisha uzikuze mpaka uone mshono.

Sasa chora. Huhitaji kuwa mchoraji. Chora tu umbo la nje, halafu uweke mstari kila mahali unapoona mshono, pensi (mkunjo mdogo ulioshonwa ili kukipa kitambaa umbo la mwili), mkunjo au zipu. Mistari ikiisha, jiulize swali ambalo fundi yeyote hujiuliza: kitambaa hiki kimewezaje kukaa hivi? Ukipata jibu mara moja kwa kila sehemu, huenda vazi ni zuri bila kuwa na siri. Usipopata jibu, weka alama ya kuuliza mahali hapo, kwa maana hapo ndipo kazi yako itakapoanzia.

Liondolee vazi vitu vya nje

Hatua hii ndiyo moyo wa mwongozo huu, na inafanyika kichwani. Liondolee vazi jina la mbunifu, kisha uondoe bei, kisha mtu mashuhuri aliyelivaa, na mwishoni uondoe pambo. Baada ya kila tendo, angalia kilichobaki.

Tuanze na gauni jeupe la jioni la mbunifu wa Paris Elsa Schiaparelli la mwaka 1937, lenye kambakoche mkubwa mwekundu mbele ya sketi, mnyama wa baharini aliyechorwa na mchoraji Salvador Dalí. Ni vazi mashuhuri sana katika mjadala huu, na wengi hulitaja kama uthibitisho kwamba mitindo ni sanaa. Mimi sikubali kwa haraka. Mwondoe kambakoche, na utabaki na gauni jeupe la hariri, zuri, la heshima, ambalo washonaji wengi wa Paris wa wakati huo wangeweza kulishona. Wazo limeondoka pamoja na mchoro. Nakiri kwamba mahali mnyama huyo alipowekwa, katikati ya mapaja, pana maana tu mwanamke anapolivaa gauni na kutembea, na hilo ni jambo ambalo turubai haliwezi kulifanya. Hata hivyo, naona kwamba uzito wa kazi hii uko kwa Dalí zaidi kuliko kwa mkasi.

Mwaka uliofuata, watu hao hao wawili walitoa gauni jingine ambalo leo limo katika jumba la Victoria and Albert. Kitambaa chake kimechapwa michoro ya mipasuko, kana kwamba nguo, au ngozi yenyewe, imechanika. Lakini shela yake ya kichwani ina mipasuko ya kweli: vipande vimekatwa vikaachwa vikining'inia. Jicho linatoka kwenye mpasuko wa uongo hadi kwenye mpasuko wa kweli, na halijui tena liamini nini. Lilikuwa vazi la karamu, lililovaliwa mwaka mmoja kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Jaribu kuondoa mipasuko ya shela. Utaona kwamba michoro ya gauni inageuka kuwa nakshi tu. Hapa mkasi umesema, na kwangu mimi vazi hili limevuka mto.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni gauni la mbunifu wa Paris Yves Saint Laurent la mkusanyo wa vuli wa mwaka 1965, lililotokana na picha za mchoraji Mholanzi Piet Mondrian. Ukilitazama upesi utasema ni tablo iliyochapwa juu ya nguo. Litazame tena. Kila pembe nne ya rangi ni kipande chake cha jezi ya sufu, na mistari myeusi nayo ni vipande vilivyounganishwa kwa mshono. Na kwa kuwa mwili una kifua na nyonga, ilhali pembe nne hazina, umbo la mwili limefichwa ndani ya mishono hiyo bila pensi inayoonekana. Yeyote aliyewahi kuunganisha rangi mbili katika mstari unaopita kifuani anajua ugumu wake: lazima mstari uonekane umenyooka kabisa machoni, ilhali kitambaa chini yake kimepinda kufuata mwili. Mondrian alishughulikia turubai iliyo bapa. Saint Laurent na mafundi wake walilazimika kuifanya picha bapa ikubaliane na mwanamke anayepumua. Ukiiondoa picha, gauni halipo, kwa sababu picha ndiyo mishono.

Kuhusu saa za kazi, nisieleweke vibaya. Koti lenye maua ya airisi kutoka picha ya Van Gogh, ambalo nyumba ya Lesage ililitarizi kwa ajili ya Saint Laurent mwaka 1988, lilichukua takriban saa 600 za mkono, na mimi ninayetarizi shela kwa taa ya betri umeme unapokatika ninaziheshimu saa hizo kwa moyo wote. Lakini wingi wa saa hupima uvumilivu. Usiuweke kwenye mizani ya sanaa peke yake.

Kata amerikani

Macho yana mwisho wake. Kata vipande viwili vya amerikani, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, ukifuata nyuzi barabara. Shika kipande cha kwanza kwa pembe mbili za upande mmoja na ukiache kining'inie: kinashuka kama ubao, kimenyooka, hakina la kusema. Shika cha pili kwa pembe moja tu. Kinashuka mshazari, kinajikunja chenyewe katika mawimbi mawili au matatu laini, na ncha ya chini inacheza unapotikisa mkono. Sasa vuta kitambaa kwa kufuata uzi: hakikubali. Kivute kutoka pembe hadi pembe: kinanyumbuka na kuwa chembamba katikati, kama kiuno. Ni kitambaa kile kile, kutoka jora lile lile.

Mbunifu Madeleine Vionnet, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1876, aliijenga kazi yake juu ya jambo hilo ambalo umelishika mkononi. Alifanya majaribio juu ya manekini ndogo ya mbao, akizungusha kitambaa mpaka kipate njia yake, ndipo akakuza vipimo kwa mwili wa mtu. Na aliagiza vitambaa vipana kuliko kawaida ili apate mshazari mrefu bila kuunganisha. Gauni zake, zikilazwa mezani, huonekana kama miraba na pembetatu zisizoeleweka. Zikivaliwa, kitambaa hukumbatia mwili bila mifupa wala kamba za kubana, wakati ambapo mwanamke wa Ulaya alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye koseti, vazi la ndani lililombana kifua. Ili kujikinga na waigaji, aliweka alama ya kidole gumba chake kwenye lebo. Ukiniuliza kwa nini ninamwita msanii, sitakuonyesha gauni. Nitakupa vipande hivi viwili vya amerikani.

Fanya sasa vazi la majaribio la sehemu ile uliyoiwekea alama ya kuuliza. Si lazima liwe la kipimo cha mtu mzima. Mimi na wanafunzi wangu tumejitengenezea manekini ya sentimita 40 kwa waya wa shaba na vitambaa vya mabaki, na inatuokolea mita nyingi. Bandika, kata, shona kwa mkono, fumua, rudia. Usitafute kunakili kwa usahihi. Tafuta mahali ambapo mbunifu alilazimika kuamua. Kila mkono wako unaposita, andika: "Hapa kulikuwa na njia mbili, naye alichagua hii." Daftari langu la Vionnet lina mahali kumi na moja pa namna hiyo katika sketi moja.

Katika sketi hiyo niliharibu jambo moja, na nalieleza ili usilirudie. Niliikata mshazari saa nne asubuhi, na jioni ile ile nikaipinda na kuipiga pasi. Baada ya siku mbili upande mmoja ulikuwa umeshuka sentimita tatu kuliko mwingine, kwa sababu kitambaa cha mshazari huendelea kushuka kwa uzito wake. Kitundike siku mbili nzima kabla ya kugusa pindo, na upime kutoka sakafuni, usipime kutoka kiunoni.

Baada ya hapo chukua ile nguo ya zamani na uifumue polepole, mshono mmoja mmoja, kuanzia bitana. Lengo ni kuizoesha akili yako kuona kwamba nguo ina ndani, na kwamba ndani huko ndiko mtu alikofikiri. Cristóbal Balenciaga, mwana wa mshonaji kutoka Getaria, Hispania, aliweza kuchora, kukata na kushona vazi zima kwa mkono wake, jambo ambalo wabunifu wengi wa cheo chake hawakuliweza. Alipotaka gauni zisimame mbali na mwili kama kengele, hariri ngumu iitwayo gazar ilifumwa kwa ajili hiyo mwaka 1958. Tazama gauni zake ukiwa umetoka kufumua, na utaona zaidi ya mtu aliyekuja na macho matupu.

Usiiache Kasai nje ya mizani

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Familia nyingi za asili ya Kasai zinaishi hapa mjini, na huenda jirani yako ana kitambaa cha Wakuba, watu wa Kasai, kilichofumwa kwa rafia (nyuzi za majani ya aina ya mtende) na kukunjwa katika sanduku. Omba ukishike. Weka kiganja chako juu yake: ni laini kama mahameli, lakini ukikigeuza utaona rafia kavu iliyofumwa wazi. Wanaume hufuma kitambaa cha chini, wanawake hutarizi. Mtarizi hupitisha uzi wa rafia chini ya nyuzi zilizofumwa, kisha huukata pande zote mbili kwa kisu kidogo, akiacha vinyweleo vifupi vilivyosimama. Hakuna fundo. Kila kinyweleo kimeshikwa na ubanaji wa mfumo peke yake, na kuna maelfu yake. Sasa fuata nakshi kwa kidole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Utakuta kwamba pambo lilianza kwa mpango fulani, likageuka katikati bila kuomba ruhusa, likachukua njia nyingine, na bado kitambaa kizima kimekaa sawa.

Zipo pia sketi ndefu za rafia zenye viraka vilivyoshonwa juu. Husimuliwa kwamba viraka hivyo vilianza kwa sababu rafia hutwangwa ili ilainike, na katika kutwangwa hupata matundu. Basi tundu likazibwa kwa kipande kilichokatwa vizuri, na vipande vikaongezwa hata pasipo na tundu, mpaka kiraka kikawa lugha. Vitambaa hivyo huchezwa ngoma, huonyeshwa msibani, na huzikwa pamoja na marehemu. Viondolee nakshi: hakuna kitambaa. Vipime kwa neno ukumbusho: vinamsindikiza mtu kaburini. Sijui kipimo ambacho vitambaa hivyo vingeshindwa.

Mchoraji Henri Matisse alikuwa na vitambaa vya Wakuba, akavitundika ukutani mahali alipofanyia kazi. Mwaka 1967 Saint Laurent alionyesha Paris mkusanyo unaojulikana kwa jina la Afrika, wenye rafia na shanga za mbao. Vilipokuwa Paris, vilizungumzwa kwa lugha ya sanaa. Vilipokuwa Kasai, viliandikwa kama vitu vya kabila. Jambo hili linaniuma, na naliandika kwa sababu ni sehemu ya kipimo: ukitumia mizani fulani kwa gauni la Paris, tumia mizani hiyo hiyo, bila kuongeza wala kupunguza, kwa kitambaa cha bibi wa Mushenge, mji mkuu wa Wakuba. Mwezi Januari 2020, Imane Ayissi wa Kamerun aliingia katika ratiba rasmi ya haute couture ya Paris akiwa mgeni mwalikwa, na rafia ikarudi pale ikiwa mikononi mwa Mwafrika mwenyewe. Kata vazi lake moja kwa amerikani. Ni zoezi zuri la mwezi wa pili.

Pima pingamizi, moja baada ya jingine

Utakapotoa hukumu yako mbele ya watu, watakupinga, na ni haki yao. Wa kwanza atasema vazi lina matumizi, na sanaa haina. Mweleze kwamba kinyago kilichezewa ngoma na kikombe cha Wakuba kilinywewa mvinyo. Ukipenda, mweleze pia habari ya mwaka 1945, ambapo Paris iliyotoka vitani haikuwa na vitambaa vya kutosha, na nyumba za mitindo zikawashonea wanasesere wa waya, wenye urefu wa takriban sentimita 70, mavazi kamili yenye vifungo vinavyofunguka kweli, yakaonyeshwa katika majengo ya Louvre. Hakuna aliyeweza kuyavaa, na hakuna mshono uliofanywa kwa uzembe. Wengi wa wanasesere hao wamehifadhiwa mpaka leo katika jumba la Maryhill, Marekani.

Wa pili atasema ni biashara. Ni kweli, na nyumba nyingi hulishwa na manukato kuliko gauni. Lakini picha nazo huuzwa, na Tshibumba aliuza zake ili ale. Pingamizi hili lisikuchukulie muda.

Pingamizi zito ni la mikono mingi. Gauni moja la Paris hupita kwa mkataji, kwa msimamizi wa atelie, kwa washonaji ambao Wafaransa huwaita "mikono midogo", kwa mtarizi, kwa mtengeneza manyoya, na mbunifu pengine hakushika sindano hata mara moja. Ni nani basi msanii? Sina jibu moja kwa mavazi yote. Ninachokushauri ni kulitazama swali hili katika kila vazi peke yake: kwa Balenciaga, mkono na wazo vilikuwa vya mtu mmoja; kwa gauni la Mondrian, wazo lilikuwa la mmoja na suluhisho la mshono lilihitaji wengi. Andika hivyo. Kitambaa cha Wakuba nacho kina mfumaji na watarizi, wakati mwingine zaidi ya mmoja, wala ubora wake haupungui kwa kuwa hatuna jina moja la kuweka kwenye lebo.

Kisha wapo wabunifu wenyewe wanaolikataa jina hilo. Rei Kawakubo wa Japani, ambaye katika mkusanyo wa mwaka 1997 alishona mavimbe ndani ya gauni mpaka mgongo na nyonga zikapoteza umbo tulilozoea, amesema mara nyingi kwamba yeye si msanii. Hata hivyo Metropolitan ilimfanyia maonyesho makubwa mwaka 2017. Mheshimu, lakini ujue kwamba hukumu unaitoa juu ya vazi. Kadhalika usiende na umati: maonyesho ya mbunifu Mwingereza Alexander McQueen huko New York mwaka 2011 yalitazamwa na watu zaidi ya 650,000, na idadi hiyo inatueleza juu ya foleni tu. Kinachonishawishi kuhusu McQueen ni kwamba alijifunza kukata makoti akiwa kijana katika mtaa wa washonaji wa Savile Row, London, na mkato huo unaonekana hata katika gauni zake za ajabu kabisa.

Andika hukumu yako

Chukua ukurasa mmoja, usizidi. Juu yake weka jina la vazi, mwaka na mahali lilipo. Chini yake eleza, kwa sentensi ambazo fundi mwenzako angezielewa, kitambaa kimekatwa vipi na kinasimamaje. Kisha wazo lake ni lipi, na lipo katika mshono upi hasa. Kisha nini kinabaki ukiondoa pambo. Kisha nini kinakumbushwa na vazi hili, kwa nani. Usiandike neno "sanaa" mpaka sentensi ya mwisho, na ukifika hapo ukaona huliwezi, andika "ufundi mzuri" bila aibu, kwa kuwa mavazi mengi mazuri ya dunia yako hapo, na yangu mengi pia. Bandika vazi lako dogo la amerikani nyuma ya ukurasa kwa pini mbili. Baada ya miezi sita usome tena. Baadhi ya hukumu utazibadilisha.

Lile gauni la harusi nililifanyia hivyo hivyo. Kwa nje lilikuwa satini nyeupe, lisilo na shanga hata moja. Ndani, bitana ya kifua ilikatwa kutoka kikwembe (kitenge) cha bibi wa bi harusi, aliyefariki mwaka uliotangulia, na maua yake ya bluu niliyapanga yafuate pensi ili ua moja zima likae upande wa moyo. Kikwembe kilikuwa kimechakaa mkunjoni, kwa hiyo mkato wote wa kifua, hata ule wa satini, ulibidi ufuate mahali ambapo kitambaa cha zamani bado kilikuwa na nguvu, na mshono wa mbele ukaenda pembeni kidogo kuliko kawaida. Mama alipouliza kama ni nguo au ni tablo, nilimwonyesha kwa kidole mshono ule wa pembeni na kumweleza sababu yake. Aliushika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi, fundi, pale chini usifunge yote." Nikaiacha bitana wazi sentimita kumi karibu na kiuno, nikatia vifungo viwili vidogo, ili binti yake aweze kufungua na kutazama.